Kunda, Msako Umeanza Pale Ulipoishia

Njoro, Moshi
Jumapili, 25 Novemba 2007
Asubuhi: manyunyu tangu alfajiri. Mlima hauonekani. Baridi kidogo.

Rafiki yangu Kunda,

Naanza na hali ya hewa kama ninavyoanza kila ukurasa wa shajara yangu. Ulikuwa unanicheka. "Dada Karani, mvua ikinyesha si tutalowa? Ya nini kuiandika?" Leo naiandika kwa sababu ungetaka kujua. Vuli imechelewa sana, na hii ndiyo mvua ya kwanza tangu tukuzike. Ni ndogo, lakini vumbi limelala. Siku ile ulipopanda Kibosho na pikipiki nyuma ya lori halikuwa limelala. Wanasema vumbi ndilo lililoficha shimo. Sina la kuongeza hapo.

Sijalia. Nakuambia mapema usije ukatafuta machozi humu ndani. Watu wananipa pole nami nasema asante, kama ninavyorudisha chenji. Nakula kinachowekwa mezani. Asubuhi nafungua, jioni nafunga. Usiku nalala chali naangalia bati mpaka majogoo. Mama mwenye nyumba wangu aliniambia, "Binti, lia upate usingizi." Nikamwambia nitajaribu, kana kwamba kanipa dawa ya kumeza baada ya chakula.

Basi nitakupa habari za kazini, maana hizo naweza.

Kiti chako kipo pale pale kwenye chumba chetu cha intaneti, ndani ya duka la vitenge. Mama Nirmala amepanga majora ya vitambaa juu yake. Mwanzoni niliona ni ukatili, kukugeuza rafu ya duka wiki ile ile. Halafu siku moja mteja akataka kuyahamisha ili akae, Mama Nirmala akatoka kwenye kaunta yake ya vitenge kama moto: "Hapana, hapo hapakaliwi. Simama au kaa chini." Ndipo nikaelewa majora yale yamewekwa pale kwa kazi gani.

Fundi mmoja amekuja kutoka Arusha. Aliiangalia kompyuta namba moja, akatikisa kichwa, akasema hii tuifute yote tuweke Windows kama nyingine, mambo yatakwisha. Mama Nirmala akamjibu arudi Jumatatu. Jumatatu yenyewe ni kesho. Nitakuambia tulipofika, lakini ngoja nifuate mpangilio, maana siku hizi nikiruka hatua moja napotea.

Unakumbuka ugomvi wote ulianzia kwenye hiyo namba moja. Mama Nirmala alikataa ukuta wa baba yake kutobolewa kwa ajili ya waya, ndiyo maana ukatuwekea wifi. Wakati huo huo nusu ya wateja wetu walikuwa vijana wa nyimbo. Wanaingia na simu zao, namba moja inazitafuta kwa bluetooth, inawarushia wimbo, wanalipa, wanaondoka wakiucheza kwa sauti mpaka kituo cha basi. Na namba moja hiyo hiyo ndiyo pekee iliyokuwa na maiki nzuri, kwa hiyo Jumamosi ndipo mama yako alipokaa kuongea na mdogo wako Deo, aliyeko India masomoni.

Deo akianza kuongea, kijana anaingia anataka wimbo. Bluetooth ikianza kutafuta simu, sauti ya Deo inakatika vipande. "Mama, ni... ka... jana... nda." Mama yako anavua vile vya masikioni, ananigeukia: "Huyu mtoto anakula nini huko, mbona kila Jumamosi anaongea na chakula mdomoni?"

Dawa yangu mimi ilikuwa moja. Nilikichomoa kile kidude cha bluetooth nyuma ya kompyuta. Sauti ikatulia, na vijana wakaanza: "Dada, simu yangu haionekani! Dada, mmefunga?" Wewe ukanitazama kama nimemwaga maziwa. "Kuchomoa siyo kutengeneza, Dada Karani. Ni kufukuza."

Ukanieleza mchana kweupe, wateja wakiangalia. Ukasema wifi na bluetooth wote wanaongea kwenye anga moja, masafa yale yale. Wifi anakaa mahali pake anaongea. Bluetooth akiwa anatafuta hakai, anarukaruka kila mahali anaita, "Nani yupo? Nani yupo?" Na wewe ukawa unaruka kati ya viti unaita, kiti hadi kiti, shati limechomoka, mpaka Mama Nirmala akasema kutoka upande wa vitenge, "Kunda, viti ni vya wateja. Kama unataka kucheza, kuna uwanja."

Kila kimoja kina draiva yake, ulisema, programu ndogo inayokiongoza kifaa. Za kwetu zilikuwa wazi, mtu anaweza kuzisoma na kuzibadili. Shida ni kwamba draiva hizi mbili hazikujuana. Wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana, kila mmoja anawasha redio yake. Kazi yako ikawa kuwakutanisha. Bluetooth akitaka kutafuta, kwanza amuulize wifi kama ana kitu anapitisha. Kama anacho, wapeane zamu: kipande kidogo cha kutafuta, kipande cha sauti, kipande cha kutafuta. "Kama mfongo," ulisema. Nikakuuliza mfongo unahusikaje na kompyuta. Ukasema mfereji ni mmoja unatoka mlimani, migomba ni ya watu wengi, na hakuna aliyewahi kufa kwa sababu ya zamu. Nami nilikujua. Tangu darasa la tano ulikuwa mtoto wa bweni, jembe la kufungulia maji ulilishika likizo tu, na likizo nyingi mvua ilikuwa inanyesha.

Ulipika draiva ile majuma kwa majuma. Kupika ndilo neno letu la kuyageuza maandishi yako kuwa kitu ambacho mashine inakielewa, na ulinifundisha hatua zake nikaziandika. Siku sauti ya Deo ilipotoka nzima huku msako wa bluetooth unaendelea, ulimshika mama yako mikono ukamzungusha katikati ya chumba. Alisema, "Niache, nina magoti ya mtu mzima," na hakuondoa mikono.

Halafu simu zikaanza kutoonekana. Siyo zote. Nyingine zinapatikana mara moja, nyingine hazipatikani hata mwenyewe aiweke juu ya kibodi. Na yako ikawa mojawapo. "Simu yangu mwenyewe inanikana!" Ulicheka, lakini hukula mchana huo. Ijumaa tulipofunga ulisema, "Zamu zipo, Dada Karani. Maji ndiyo hayafiki. Jumatatu nitajua kwa nini."

Jumamosi ukapanda Kibosho.

Mazishi yako nimeyaandika kwenye shajara, sitayarudia yote. Ulilazwa kihambani, upande wa chini, kwenye migomba ya mama yako. Binamu yako alipiga picha kwa simu yako mwenyewe, kwa kuwa ndiyo pekee pale iliyokuwa na kamera ya maana. Niliona jambo hilo ni la ajabu, nikaliona kwa mbali, kama linatokea ng'ambo ya barabara. Mtori uliiva, nikaugawa. Mtu aliuliza yule karani wako yuko wapi, nikasema ni mimi.

Kesho yake nilibaki kuosha masufuria. Siku hiyo ilikuwa zamu ya maji ya ukoo wenu. Baba mkubwa wako alikuja na jembe begani, amevaa koti lile lile la mazishini, akaelekea juu kwenye shamba lake kufungua. Mama yako alikuwa amekaa na wanawake wenzake. Akainuka.

"Shemeji, simama kidogo. Unaanzia wapi?"

"Naanzia juu. Kwani huanzia wapi?"

"Basi mimi niendelee kuyasikia maji yakipita kwa wenzangu. Kila zamu unaanzia juu. Shamba lako linakunywa, linashiba, linacheua, zamu inakwisha. Migomba yangu huku chini inanusa tu."

"Mkubwa ndiye anayeanza. Ndivyo tulivyowakuta wazee."

"Aanze mkubwa mara ya kwanza, nani kakataa? Lakini zamu inayofuata maji yaanze pale yalipoishia. Kila siku tunaanza upya kama vile jana haikuwepo. Hivi shemeji, ukila ugali kila ukinawa mikono unarudi kwenye tonge la kwanza?"

Wanawake walicheka, wakakumbuka wako wapi, wakaziba midomo. Mzee alisimama akachimba ardhi kwa kidole cha kiatu. Mwisho akasema, "Leo kwa ajili ya mtoto." Akashuka. Alipita shamba lake bila kuligusa, akafungua chini kabisa. Maji yakaja polepole kwenye vumbi, yakapita pembeni mwa udongo wako mpya, yakafika kwenye mgomba wa mwisho mpakani. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mgomba ule kunywa mwaka huu.

Mimi nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi na ndipo nilipojua kwa nini simu yako ilikuwa inakukana. Sikufurahi, Kunda. Kitu kilikaa mahali pake, kama kifuniko kwenye chungu, basi. Nikaendelea kusugua.

Uliwapa wifi na bluetooth zamu za haki, lakini ulizigawa kama Baba mkubwa. Kila zamu ya wifi ilipofika uliuzima msako kabisa, na kila zamu ya msako iliporudi, ukauanzisha upya, juu, masafa yale yale ya mwanzo. Kipande kilikuwa kifupi. Kabla msako haujafika masafa ya chini, zamu inakwisha. Simu zilizokuwa zinasikiliza huku juu zilipatikana kila siku. Za chini hazikuitwa hata mara moja.

Nilirudi mjini, nikafungua faili lako. Nilipapata mahali penyewe baada ya kusoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza. Pembeni ulikuwa umejiandikia kwa Kiswahili: zamu mpya, anzia juu. Nikaondoa amri ya kuuzima msako, nikaweka ya kuushikilia. Zamu ikirudi, uendelee. Nilipika ikakataa, nukta mkato imenipita. Nikapika tena ikakataa. Ilipokubali sikuwa na wa kumwambia. Mama Nirmala alinikuta nimekaa mbele ya kioo mikono mapajani, akauliza, "Imeharibika?" Nikasema hapana, nadhani imepona. Akasema, "Basi kunywa chai."

Lakini sikuijaribu sawasawa. Kuijaribu ilitaka mambo mawili kwa pamoja, mtu anayeongea hewani na simu iliyokuwa haionekani. Simu ninayoijua kuwa haionekani ilikuwa Kibosho, kwenye mkoba wa mama yako.

Jana ndiyo ikawa Jumamosi yake ya kwanza kushuka. Alikuja amevaa nguo nyeusi, na kilemba amekifunga vizuri. Nilimwamkia. Mama Nirmala alimletea kiti kwa mikono yake, akamshika bega, na kwa kuwa hakujua la kusema akasema lile analolijua. "Mama Kunda, angalia dunia. Mtoto wako yuko India, na mimi mwenye babu aliyetoka huko sijawahi kupaona. Nimezaliwa hapa Moshi, nitafia hapa hapa. Mwambie Deo aniangalizie kukoje." Mama yako akasema, "Nitamwambia akuangalizie mchumba kabisa." Mama Nirmala akasema mchumba alishampata na alishamchosha. Walicheka kidogo, wote wawili wakiangalia majora juu ya kiti chako.

Tukampata Deo. Alikuwa kwenye intaneti ya huko, naye analipia saa. Mitihani na nauli vilimzuia kuja kukuzika, hilo unalijua, au labda hulijui. Alisema, "Shikamoo mama." Akaitikiwa. Nikaangalia kama laini imekatika. Haikuwa imekatika.

Deo akauliza, "Mama, mmemlaza wapi?"

Mama yako alianza kueleza, pale chini, karibu na mgomba ule uliopandwa ulipozaliwa wewe, upande wa mpakani. Akafungua mkoba, akatoa simu yako. Ilikuwa imefungwa kwenye leso, nayo inawaka. Huwa anaichaji kwa jirani mwenye umeme.

"Binti, picha ziko humu ndani. Mpelekee aone."

Nilimwambia, mama, labda tukate kwanza, nihamishe picha, kisha tumpigie tena. Waya wa simu hiyo hatuna, njia ni bluetooth tu, na bluetooth ikianza kutafuta...

"Nikikata leo nitampata lini? Ana saa moja aliyolipia, na kuanzia kesho ni mitihani. Nataka aone kaburi huku ananisikia. Hakuwepo. Siwezi kumpa picha kama barua, aifungue peke yake ugenini."

Ndivyo ilivyokuwa. Kama msako ungeikata sauti, mdogo wako angebaki huko na ukimya na mama yako angepanda basi na simu yake ndani ya leso. Na kesho kutwa yule fundi angefuta kila kitu, na mimi ningekuwa sina neno la kumzuia. Niliweka kidole kwenye kitufe. Nikabonyeza.

Ikaja simu ya kijana aliyekuwa mlangoni. Ikaja ya Mama Nirmala. Ikaja ya mtu nisiyemjua, pengine mpita njia. Hapo ndipo siku zote ilipokuwa inaishia. Masikioni mwangu Deo alikuwa anasema, "Mama, upo?" na mama anasema, "Nipo," neno zima, na lingine zima. Nilisubiri. Orodha ikasogea mstari mmoja, na kioo kikaandika jina ulilolipa simu yako: Kunda Fundi.

Mama yako alinigeukia. "Inasema nini?"

"Inasema imempata Kunda, mama."

Hakulia. Aliinamia maiki kama anavyofanya siku zote, akidhani ukisogea karibu ndipo unasikika mbali. Akasema, "Deo, subiri kidogo. Kaka yako anakuja."

Nikazivuta picha kutoka kwenye simu, nikamtumia Deo. Zilikwenda polepole, kila moja kwa zamu yake, huku mama yako anamweleza. Hapa ndipo. Huyu ni Baba mkubwa, amekonda. Haya maua ni ya walimu wako wa zamani. Huu ni mgomba wake. Deo alisema, "Naona, mama. Naona." Halafu akalia. Nilikuwa nimevaa vya masikioni vya pili, kwa hiyo nilikisikia kilio chote, kutoka mwanzo mpaka pale mtu anapobaki anavuta pumzi. Hakikukatika hata mahali pamoja. Ulifanya kazi miezi yote ile ili sauti ya mtu kutoka India ifike Moshi nzima, na ilifika nzima.

Vijana wawili wa nyimbo walikuwa wamesimama mlangoni wakati wote huo. Mmoja alivua kofia. Hawakuomba wimbo.

Baadaye Mama Nirmala aliniuliza kama ile kompyuta ndiyo iliyofanya vile. Nikasema ndiyo, kwa kazi ya Kunda. Akapiga simu Arusha mbele yangu. "Fundi, usije. Ndiyo, nimesema usije. Kompyuta ya marehemu ina akili yake."

Nimebakiwa na jambo moja. Wale watu wa mbali wanaoandika draiva hizi, uliwahi kuwauliza kwa nini baadhi ya simu hazionekani, na mmoja akakujibu kwamba hawajui, ukigundua uwaambie. Kunda, nitawaambia. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini kamusi ninayo, na subira ninayo. Nitaandika ulichobadili, ulipokosea, na jinsi maji yalivyoshuka. Jina litakuwa lako. Langu sitaliweka, usibishe. Wakiipokea, basi kila mahali mtu anapoongea na mama yake huku mwingine anatafuta simu, wifi na bluetooth watapeana zamu kwa mpangilio wa Kibosho. Nakuahidi hilo. Nimekuandikia ili nisije nikalisahau.

Mvua imezidi sasa, bati linapiga kelele, nashindwa kusikia redio ya jirani. Huko juu lazima inanyesha zaidi. Baba mkubwa hatakuwa na haja ya jembe lake leo.

Lala, Kunda, huko upande wa chini. Maji yanafika.

Dada Karani wako,
Manka

Naongeza Jumatatu asubuhi, mawingu, bila mvua: sikuikunja barua hii jana. Saa ya ukutani niliiona kwa mara ya mwisho ikiwa saa nane na nusu mchana, kalamu bado mkononi, viatu bado miguuni. Hapo ndipo nilipolala, mpaka majogoo ya leo.